Mpaka wa mji: je, uamuliwe kwa kura ya wananchi?

Leo tunajibu barua. Msikilizaji mmoja wa Kadutu, Bukavu, ametuandikia kurasa mbili zilizojaa pande zote, na kwa kweli barua yake ilitufanya sisi wenyewe tubishane hapa redioni kabla ya kuketi mbele ya maikro.

Anasema hivi: mji unakula mashamba ya Kabare upande mmoja, na upande mwingine unapanda miteremko mpaka nyumba zinaanguka. Wakubwa wa mji wanagawa parseli, shefu wa kijiji naye anagawa parseli, na maskini analipa mara mbili. Halafu anauliza: kwa nini wananchi wote wasipige kura, tuseme mji unaishia hapa, basi? Na mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo, ameongeza: “Mimi ni mpangaji tu. Nami nitakuwa na kura?” Swali hilo dogo tutalirudia, maana si dogo.

Kwanza tujue mpaka tulio nao ulitoka wapi. Wabelgiji walipoujenga mji wa Bukavu juu ya zile ndimi za nchi zinazoingia ziwani, hawakumwuliza mtu. Ibanda iliwekwa kwa ajili ya Wazungu, Kadutu kwa ajili ya Waafrika waliokuja kufanya kazi. Mji ulipangwa kwa watu wachache sana kuliko wa leo. Hakuna aliyefikiri kwamba vita vya 1996 na vya 1998 vingewaleta watu kutoka Bunyakiri, Shabunda, Walungu na Mwenga, kila mmoja akitafuta mahali pa kulaza watoto. Leo Bukavu ina watu waliopita milioni moja, na mlima ni ule ule.

Sasa udongo ni wa nani? Hapa ndipo matata yanapoanza. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973, katika kifungu cha 53, inasema udongo ni mali ya Leta peke yake, wala hauwezi kuuzwa. Mtu anapewa haki ya kuutumia tu. Sawa. Lakini udongo wa vijijini, ule ambao watu wameupata kwa desturi? Kifungu cha 389 kilisema haki za hao zitapangwa na amri ya Rais wa nchi. Amri hiyo ilingojewa chini ya Mobutu, ikangojewa chini ya waliomfuata, haikutoka. Basi desturi ikaendelea. Kwa Bashi, mtu alimpa mwami au mjumbe wake ng’ombe, akapewa shamba la kalinzi, akawarithisha watoto wake. Kwa hiyo kuna milango miwili ya kuingia katika shamba moja. Mmoja anapita kwa shefu akiwa na mashahidi na ng’ombe, mwingine anapita kwa ofisi ya kadasteri akiwa na dola. Wanakutana siku ya kuchimba msingi. Kila mmoja ana karatasi au ana mashahidi, na kila mmoja anasema kweli.

Tena kuna jambo ambalo watu wengi hawalioni. Chini ya sheria ya 2008 juu ya madaraka ya wenyeji, komine ni kitu chenye mfuko wake, na cheferi pia ni kitu chenye mfuko wake. Mpaka wa mji ukisogea kilometa moja, kodi zinahama mfuko. Shamba la maharagwe linageuka kuwa parseli, na bei yake inaruka. Mama aliyekuwa akilima pale hapati sehemu ya bei hiyo; anapata habari tu kwamba shamba si shamba tena. Ndiyo sababu mji unapogusana na cheferi, kama kule Kasha na Panzi kwa upande wa Bukavu, au Goma inapogusana na Bukumu katika teritware ya Nyiragongo, watu hawabishani juu ya mstari wa karatasi. Wanabishana juu ya chakula na juu ya nani anaamuru.

Basi msikilizaji wetu anasema: tupige kura. Wazo hilo si ndoto. Pako mahali duniani ambapo watu wamelifanya, na inafaa tuwatazame vizuri, mazuri yao na mabaya yao.

Kuna mji katika Marekani unaitwa Boulder, katika jimbo la Colorado. Uko chini ya milima, juu kidogo kuliko Bukavu. Baada ya Vita Kuu ya Pili mji ule ulianza kupanda mlimani, kama wetu. Wananchi wachache, wengine wao walimu wa chuo kikuu, wakaona mlima utamalizika. Mwaka 1959 wakaleta pendekezo mbele ya wapiga kura: pachorwe mstari mlimani, kwenye urefu wa karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na mji usipeleke maji ya bomba juu ya mstari huo. Waliuita mstari wa buluu. Angalieni akili yake. Hawakumkataza mtu kujenga. Walisema tu: ukijenga kule juu, maji ya mji hayatakufuata. Wananchi wakakubali, na mstari ukaingia katika katiba ya mji wao.

Wengine wetu tunaweza kucheka hapa. Katika mitaa mingi yetu maji ya bomba hayafiki hata chini ya mlima, na watu wanajenga. Mama anapanda na bidoni ya litre 20 mgongoni, na nyumba inasimama. Mstari wa maji usingemzuia mtu wa Kadutu hata siku moja. Lakini tusubiri, maana watu wa Boulder hawakuishia hapo.

Mwaka 1962 mtu mmoja alitaka kujenga hoteli kwenye tambarare ya juu inayoitwa Enchanted Mesa. Wananchi walipiga kura kukubali mji uchukue mkopo, ununue mahali pale. Mwaka 1967 walipiga kura tena, safari hii wakajitoza kodi wenyewe, sehemu ndogo ya kila kitu kinachouzwa dukani, ili mji upate pesa za kununua mashamba na mapori ya kuuzunguka. Ninataka tukae hapa kidogo. Ni rahisi kupiga kura kusema shamba la jirani lisijengwe. Kura namna hiyo haimgharimu mpiga kura kitu. Watu wa Boulder, angalau kwa sehemu, walisema: tunataka shamba hili libaki shamba, na tutalilipa kutoka mfukoni mwetu. Mwenye shamba akapata pesa yake. Hiyo ni kura ya mtu mzima.

Mwaka 1976 wakaenda mbele zaidi, wakakubali kwa kura mji usiongeze nyumba kupita kiasi cha asilimia 2 hivi kwa mwaka. Na matokeo? Milima ni mizuri, mtu anatembea porini akitoka nyumbani kwake. Lakini nyumba ya kawaida ya familia moja leo imepita bei ya dola milioni moja. Mwalimu, muuguzi, mpishi wa hoteli, wengi wao hawawezi kulala Boulder. Wanalala katika miji mingine, wanakuja asubuhi kwa gari na kurudi jioni. Mji haukuacha kukua. Ulikwenda kukua kwa jirani.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Kwa sababu waliopiga kura ni wale waliokuwa tayari ndani. Aliyekuwa bado hajafika hakuwa na kura. Aliye na nyumba, akipiga kura kwamba nyumba zisiongezeke, yake inapanda bei. Sisemi walikuwa watu wabaya. Ninasema kura yoyote inajibu swali la wale walioitwa kupiga kura.

Uswisi ilionyesha upande mwingine wa jambo hilo hilo. Mwaka 2012 Waswisi waliulizwa kama katika kila komine nyumba za mapumziko, zile ambazo mwenyewe anakuja juma mbili kwa mwaka, zisipite asilimia 20 ya nyumba zote. Walikubali kwa asilimia 50.6. Wembamba ulioje! Tena wengi wa waliokubali walikuwa watu wa miji ya tambarare, na watu wa milimani, kama wa kantoni ya Valais, ambao ndio wenye viwanja na kazi za ujenzi, walikataa kwa wingi mkubwa. Mwaka uliofuata nchi yote ilikubali kwa asilimia 62.9 sheria ya kubana maeneo ya kujengwa, na kantoni moja tu ikakataa: Valais tena. Mtu wa mlimani akasema, wanaotaka kutazama mlima wangu wameniamulia. Mwaka 2019 wakaulizwa kama maeneo ya kujengwa yafungwe kabisa, yasiongezeke hata kidogo. Hapo wakakataa, karibu watu wawili kwa kila watatu. Hakuna aliyechoma nyumba ya mtu. Lakini Waswisi wamezoea kupiga kura mara kadhaa kila mwaka, aliyeshindwa leo anajua zamu yake itarudi.

Na katika Oregon, Marekani vilevile, sheria ya 1973 ililazimisha kila mji uwe na mpaka wake wa kukua. Mara tatu, 1976, 1978 na 1982, watu walileta pendekezo la kuifuta au kuivunja nguvu, wapiga kura wakakataa. Halafu 2004 wapiga kura hao hao wakakubali kwamba mwenye shamba aliyezuiwa kujenga alipwe fidia au aachiliwe ajenge. Mwaka 2007 wakageuka tena, wakapunguza sana waliyokubali. Kura siyo jiwe. Mwenye shamba aliyetegemea neno la wananchi aliweza kuona neno limebadilika kabla hajapata matofali.

Sasa turudi kwetu, ndugu zangu. Mimi naona kuna mambo mawili hapa kwetu ambayo Boulder na Uswisi hawakuyabeba namna yetu.

La kwanza ni kwamba mlima wetu haungojei. Mwezi wa tano 2023, kule Kalehe, mvua kubwa iliteremsha mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi, wakafa watu zaidi ya 400. Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka ule ule mvua iliua watu katika komine ya Ibanda. Na Goma, tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji, ukakata hata uwanja wa ndege; tarehe 22 Mei 2021 ukashuka tena, ukala vijiji na kusimama Buhene, mlangoni mwa mji. Sasa tukiuliza wananchi kama watu wajenge kwenye njia ya moto au kwenye kilima kinachoteleza, na asilimia 51 waseme ndiyo, je, kilima kitatii? Kuna sehemu ya mpaka ambayo haifai kupigiwa kura kabisa. Hiyo ni kazi ya wanaopima udongo na wanaochunguza volkeno, nao waeleze waziwazi mbele ya watu, kwa lugha yetu, si kwa karatasi ya Kifaransa inayofungiwa ofisini. Wananchi wanaweza kuamua jambo lingine, kubwa sana: wale watakaohamishwa pale waende wapi, na nani alipe. Kumwondoa mtu mteremkoni bila kumwonyesha mahali pengine ni kumhamisha kutoka mteremko huu hadi ule.

La pili nitalisema polepole. Katika nchi yetu upande huu wa mpaka mara nyingi ni kabila hili na upande ule ni kabila lile, au ni wenyeji upande mmoja na waliofika kwa vita upande mwingine. Ukiwaita watu kupiga kura juu ya mstari wa namna hiyo, kampeni itaanza na mambo ya mifereji na barabara, na baada ya siku tatu itakuwa kuhesabiana: ninyi wangapi, sisi wangapi, na yule alikuja lini. Tumeyaona hayo. Kura ya kugawa udongo inaweza kugeuka kuwa sensa ya uadui. Anayependa kura, nami naipenda, asifumbe macho hapo.

Lakini ngoja nimtetee msikilizaji wetu, maana rafiki yangu hapa redioni alisema “basi waachiwe wataalamu na viongozi”, nami sikukubali. Tangu uhuru tumewaachia. Sheria ile ile ya 1973 inaamuru kwamba kabla ya kutoa kiwanja katika sehemu za vijijini, ufanyike uchunguzi: mipaka itazamwe pale pale, wanaokaa au wanaofanya kazi pale waandikwe, na wenye malalamiko ya mdomo wasikilizwe. Kifungu cha 194, kipo, kisomeni. Ni wangapi kati yenu mmewahi kumwona mtu wa serikali amesimama shambani kwenu akiuliza “nani ana neno”? Mara nyingi mtu anajua habari anapoona mawe ya mpaka yamekwisha kupandwa. Mahali ambapo hakuna kura wala uchunguzi, mpaka wa mji unaamuliwa vilevile. Unaamuliwa usiku, kwa anayelipa.

Na madiwani? Katiba ya 2006 ilituahidi mabaraza ya komine yaliyochaguliwa. Tulingoja mpaka mwezi wa kumi na mbili 2023, na hata hapo uchaguzi wa madiwani ulifanyika katika komine chache tu za nchi. Halafu vita: Goma ikaangukia mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi wa pili. Mtu anaweza kutuambia, mnaongea habari za kura wakati gani huu? Jibu langu ni kwamba mashamba yanauzwa hata wakati wa vita, pengine zaidi. Anayengoja utulivu ndipo aanze kufikiri atakuta mji umekwisha kufika nyuma ya nyumba yake.

Basi mimi ningependa tufuate njia hii, na anayeona kasoro atuandikie. Mpaka usianze na kura, uanze na miguu. Wazee wa cheferi, mashefu wa kartie, akina mama wanaolima, wapangaji, mtu wa kadasteri na mtu wa kupima udongo watembee mstari wote pamoja, siku nyingi kama inahitajika, na kila palipo na ubishi paandikwe jina la mlima na majina ya wanaobishana. Halafu ramani ibandikwe sokoni, kanisani, msikitini, muda wa kutosha. Sehemu zenye hatari ziondolewe kwenye mazungumzo. Ndipo kinachobaki kipigiwe kura, lakini kwa mizani miwili: watu wa mji wahesabiwe peke yao, na watu wa cheferi peke yao, na mstari usipite mpaka pande zote mbili zikubali. Waswisi wanafanya hivyo katika kubadilisha katiba yao: haitoshi wingi wa watu, lazima na wingi wa kantoni. Bila hivyo mji wenye watu milioni utaishinda cheferi kila siku, na hiyo itakuwa kunyang’anya kwa kutumia sanduku la kura.

Tena kwenye karatasi ile ile ya kura paandikwe gharama. Tunataka bonde hili libaki la kulima: ni nani atamlipa mwenye bonde, na kwa kodi gani? Kama hakuna aliye tayari kulipa, tusimwambie mkulima kwamba tunalipenda bonde lake.

Imebaki ile herufi ndogo ya mwisho wa barua. Ndugu mpangaji wa Kadutu, kwa sheria ya uchaguzi ya nchi yetu kura ni ya mtu, si ya parseli. Mwenye nyumba kumi ana kura moja, na wewe unayelipa kodi ya chumba una kura moja. Lakini unapigia kura mahali ulipojiandikisha. Kama kadi yako uliichukua Shabunda kabla ya kukimbia, na hukubadilisha, basi katika kura ya mpaka wa Bukavu hungekuwemo, ingawa umelala Kadutu miaka mingi. Wafikirieni pia wale waliokaa katika kambi za Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala kando ya Goma, kabla kambi hazijaondolewa mwanzoni mwa 2025: watu mamia ya maelfu walioishi kwenye mpaka wa mji, wengi wao wakitoka Rutshuru na Masisi. Kabla ya kura yoyote juu ya mpaka, watu wa pande zote mbili watapaswa kwanza kukubaliana daftari litaandika nani: aliyezaliwa pale, anayelala pale, au aliyelala pale miaka mingapi. Hapo redioni tulibishana zaidi kuliko mahali pengine pote, na hatukumaliza. Mimi nilisema miaka mitano. Mwenzangu alisema anayelala pale siku ya kura, basi. Tuandikieni, nanyi mseme ni miaka mingapi na kwa nini; barua zenu tutazisoma juma lijalo, saa ile ile.